Rangi ya Kwanza ya Gari la Elieza

Lushoto, Alhamisi, mwezi wa saba. Ukungu umekalia mikaratusi tangu alfajiri na hauna dalili ya kuondoka. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya tunapotaka kuuza gari ni kulipendezesha kwanza. Tunapiga rangi mpya, tunabadilisha rimu, tunavisha viti vitambaa vya kung'aa, ndipo tunamwita mnunuzi. Kwa gari la kawaida, la kupeleka watoto shule na kubeba magunia, kosa hilo halina madhara makubwa. Kwa gari la spoti ni sawa na kufuta jina kwenye cheti halafu ukaandika jina lilelile kwa mwandiko mzuri zaidi. Jina ni lile, lakini cheti kimekufa.

Najua, kwa sababu siku ya Jumatatu nililifanya kosa hilo mimi mwenyewe, kwa mamlaka yote ya mwalimu mstaafu wa fizikia.

Na gari halikuwa langu.

Gari ni la wifi yangu Naomi, mjane wa mdogo wangu Elieza. Naomi anaishi Gare, nyumba ya pili baada ya kisima cha misheni, analima karoti na kabichi. Elieza alikuwa mpima ardhi. Alifanya kazi Tanga miaka mingi, na kwa akiba ya miaka hiyo hakununua kiwanja wala ng'ombe. Alinunua gari dogo la Kijapani la viti viwili, jekundu, lenye paa la turubai la kukunja na gia za mkono. Ukoo uliitisha kikao. Gari la viti viwili, mtu mwenye watoto wanne! Baba yetu alimuuliza hao wengine atawapakia wapi. Elieza akajibu kwa heshima kwamba wengine watapanda basi, naye atawahi kuwapokea stendi.

Alipostaafu alirudi nalo nyumbani akalijengea banda la matofali. Wakati wa kiangazi tu, barabara ikiwa kavu, alilishusha polepole hadi kwenye lami, akateremka Soni mpaka Mombo kupitia zile kona zote, akapanda tena, akalirudisha bandani. Ndiyo ilikuwa starehe yake. Wengine hunywa.

Elieza alifariki miaka mitano iliyopita. Naomi hajui kuendesha. Lakini kila Jumamosi, akishamaliza kufua nguo za kanisani, alifungua banda, akabadilisha mkaa kwenye beseni aliloweka ndani ya gari ili unyevu wa huku kwetu usioteshe ukungu kwenye viti, akawasha injini mpaka mshale wa joto upande, akaizima, kisha akalisukuma gari kwa bega kiasi cha shubiri moja ili tairi zisikalie upande mmoja. Sisi ndugu tulidhani ni majonzi. Nakiri hapa kwamba mwaka wa pili nilimwendea mchungaji, nikamwomba azungumze naye taratibu.

Mwaka huu Naomi ameamua kuliuza. Anataka pikapu. Yeye na majirani zake wanavuna mboga nzuri, lakini anayepanga bei ni mwenye lori, kwa sababu mboga haiwezi kungoja naye lori analo. Mtoto wake mkubwa ana leseni. Kinachokosekana ni magurudumu manne na bodi ya kubebea mzigo.

Kulikuwa na dalali mmoja wa kutoka bondeni. Alikuja, akalizunguka gari mara moja, akataja fedha ambayo ingetosha pikipiki. Hakuficha nia yake: angelikata, injini aiuze peke yake, milango peke yake, taa peke yake. Alisema atarudi Ijumaa na fedha mkononi. Kisha mjukuu wangu akaweka picha moja mtandaoni, na mwanamke mmoja wa Moshi, anaitwa Upendo, akapiga simu kuuliza maswali mengi kuliko tulivyozoea. Akasema atafika Jumatano kuliona.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Upendo akilipenda, Naomi anapata pikapu. Asipolipenda, Ijumaa gari linakatwa vipande.

Nami nikaona nisaidie.

Huku kwetu mtu hakabidhi kitu kikiwa na uchafu wa kwake. Ukiazima sufuria unairudisha imesuguliwa kuliko ulivyopewa. Mgeni wa posa akikaribia unapaka ukuta chokaa, hata kama ulipakwa mwaka jana. Nililitazama lile gari: mkwaruzo wa kijiti ubavuni, vidoa vya kokoto mbele, wekundu uliopauka kidogo juu ya buti. Nikamwambia Naomi, "Huyu mama anatoka Moshi. Tutamwonyesha gari lina makovu?" Naomi alisitasita, akasema Elieza hakupenda liguswe. Nikamwambia Elieza hakuwa anauza.

Asubuhi ya Jumatatu nikapanda nyuma ya pikipiki ya Fundi Shabani mpaka Gare, blanketi begani, makopo ya rangi yakigongana kwenye mkoba wake.

Shabani anapiga rangi magari na vitanda vya chuma hapa mjini. Nilimfundisha. Hajasahau.

"Mwalimu, ulinipa tisa," aliniambia tulipokuwa tunafungua banda.

"Tisa ya nini?"

"Tisa kati ya mia. Kidato cha pili. Sumaku na umeme."

"Ulistahili saba. Mbili nilikuongezea kwa mwandiko."

Naomi alicheka mpaka akashika mlango. Shabani naye alicheka, akainama, akatoa kwenye mkoba soksi iliyofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na sumaku nzito ya mviringo, ya spika ya redio ya zamani. Akaanza kuipitisha juu ya gari, polepole, kutoka mlango hadi mlango, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua.

Nieleze alichokuwa anafanya, maana mimi mwenyewe nilikitazama bila kukiona. Gari likigongwa, fundi hujaza bonde kwa puti, analainisha kwa msasa, anapiga rangi juu. Jicho halioni kitu. Lakini sumaku inavutwa na chuma, wala haivutwi na puti. Penye chuma na rangi nyembamba soksi inang'ang'ania. Penye puti inalegea. Kwa soksi ile Shabani anaweza kukuambia gari lilipata ajali wapi, hata kama mwenye gari ameapa kwa Mungu.

Ilinata kila mahali. Kwenye boneti tu ndipo ilipodondoka, naye akaigonga boneti kwa kucha akasema, "Hii ni alumini. Imetoka hivyo." Akasimama. Akalitazama gari kwa muda mrefu.

"Mwalimu, gari hili halijawahi kupigwa rangi. Hii ni ya kiwandani, yote. Mimi ningeliacha."

"Shabani, mgeni anakuja keshokutwa. Anza nyuma pale, penye mkwaruzo."

Aliniangalia, akaangalia chini.

"Sawa, Mwalimu."

Nimeyarudia maneno hayo mawili siku tatu sasa. Mimi niliyasikia kama makubaliano. Yalikuwa shikamoo tu.

Alilowesha msasa laini, akaanza kusugua ubavu wa nyuma wa kushoto. Maji meupe yalichuruzika sakafuni. Alisugua eneo la ukubwa wa sahani ya chakula. Naomi, akitaka mnunuzi ajue kwamba tunamjali, akapiga picha kwa simu akamtumia Upendo: tunakuandalia gari lako.

Simu ililia kabla hajairudisha mfukoni. Akaweka sauti ya juu tusikie wote.

"Shikamoo mama. Samahani sana mama. Huyo fundi bado ana msasa mkononi?"

"Marahaba mwanangu. Anao."

"Mwambie auweke chini. Tafadhali mama. Auweke chini sasa hivi, na asiguse kingine chochote. Nakuja kama tulivyopanga, kama bado kuna kitu cha kuja kukiona."

Shabani alikuwa ameshauweka chini. Aliuweka kama mtu aliyekuwa anaingoja amri hiyo tangu asubuhi. Naomi akanigeukia, akaniambia kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangu ni wajukuu zangu.

Jumanne nzima sikutoka nje. Nilikaa na simu ya mjukuu wangu na daftari, nikasoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani, na nikatambua kwamba katika miaka sabini na miwili sijawahi kujiuliza bei ya kitu kilichotumika hutoka wapi.

Gari la kawaida hununuliwa kwa kazi litakayofanya. Kadiri linavyotumika, kazi iliyobaki ndani yake hupungua, na bei inashuka nayo, mpaka linabaki chuma chakavu. Hapo hata mtoto anaelewa. Gari la spoti halinunuliwi kwa kazi. Viti viwili, tumbo linakaribia kugusa barabara, mzigo wake ni mkoba mmoja: kwa kazi halifai hata siku lilipotoka kiwandani. Linanunuliwa kwa kupendwa, na kupendwa hakushuki kwa mstari ulionyooka. Bei yake huporomoka haraka miaka ya mwanzo, kwa sababu anayetaka gari jipya ameshahamia kwa jipya zaidi. Kisha inalala chini miaka mingi, na hapo ndipo mengi huharibiwa: yanaongezewa mabomba ya kelele, yanabadilishwa rangi, yanagongwa, yanakatwa kama vile dalali wetu alivyotaka kufanya. Yanayobaki mazima yanakuwa machache. Halafu bei ya hayo machache, siyo yote, huanza kupanda tena.

Kwa nini inapanda? Hapa niliweka kalamu chini nikatazama mlima.

Inapanda kwa sababu mtoto aliyeliona gari hilo kwenye picha akiwa na miaka kumi, akashindwa kupumua, leo ana miaka arobaini na ana kazi. Bei ilianza kujengwa kifuani mwa mtoto ambaye hakuwa na shilingi, ikangoja miaka thelathini. Hakuna fomula ya hilo katika kitabu chochote nilichofundishia.

Na mtoto huyo, akishakuwa mtu mzima, hatafuti gari zuri. Anatafuta lile alilolipenda. Ndiyo maana anataka gia za mkono, kwa kuwa anataka mkono wake uwe na kazi. Anataka injini ileile iliyozaliwa nalo, namba yake ifanane na iliyoandikwa kwenye kadi. Anataka rangi iliyopulizwa kiwandani, pamoja na mikwaruzo yake, kwa sababu rangi huweza kupigwa mara nyingi lakini ya kwanza hupigwa mara moja. Kilomita chache humfurahisha, ila gari lililosimama kimya miaka mingi humtisha: mipira hukauka, petroli hugeuka gundi, panya hula nyaya. Bora lililotembea kidogo na kutunzwa kuliko lililofungiwa na kusahauliwa.

Nilipofika hapo nilifunga daftari. Nilikuwa nimemwona mchungaji juu ya mwanamke aliyekuwa akifanya, kila Jumamosi, kile hasa ambacho kilipaswa kufanywa.

Upendo alifika jana saa nne asubuhi, gari lake likiwa na tope mpaka kwenye vioo. Ni mhandisi wa pampu za maji, mwanamke wa umri wa kama miaka arobaini na mitatu, ana suruali ya kazi na tochi ya kichwani. Alitusalimia wote shikamoo, mmoja mmoja, hata Shabani ambaye hamzidi sana. Nilikuwa nimemwomba Shabani aje. Kisha akaingia bandani, akasimama.

Aliweka kiganja kwenye boneti, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa.

Nikaona niseme mapema. "Dada Upendo, ule msasa niliuamuru mimi. Fundi alikataa. Mimi nilimlazimisha."

"Nashukuru kwa kuniambia, mama," alisema. "Tutapima."

Akatoa kidude kidogo, kama kile cha kupimia sukari ya damu, chenye ncha ya mviringo. Akakigusisha mlangoni: mia na kumi na mbili. Akasogeza kidogo: mia na kumi na tano. Mlango wa pili: mia na tisa.

Nikamuuliza anapima nini. Akaniambia unene wa rangi, kwa maikroni. Elfu moja ya hizo ni milimita moja.

Niliomba nikishike. Nilifundisha sumaku miaka thelathini na miwili kwa unga wa chuma na karatasi, na sikuwahi kuona kitu kama hiki. Ndani yake mna sumaku ndogo inayohisi chuma kilichoko chini ya rangi. Rangi ikiongezeka unene, chuma kinakuwa mbali zaidi na mvuto unapungua, na kidude hugeuza upungufu huo kuwa namba. Ni soksi ya Shabani, iliyofundishwa kuhesabu. Nikauliza itakuwaje kwenye boneti ya alumini, mahali ambapo sumaku haishiki. Upendo akatabasamu, akakigusisha. Kikasoma. Hapo kinatumia njia nyingine, kinaamsha mikondo midogo ya umeme izunguke ndani ya alumini, kinasikiliza inavyojibu. Nilisimama na vitu viwili hivyo mikononi, kidude na sumaku ya spika, mkono huu na ule, nikasahau kabisa kwamba tumekuja kuuza gari.

"Mwalimu," Shabani akanong'ona, "hilo swali lingekuja kwenye mtihani ningepata tisini."

Kisha Upendo akapiga magoti penye ubavu wa nyuma wa kushoto.

Themanini na nne.

Alipima tena pembeni yake, pasiposuguliwa: mia na kumi na mbili. Nilitoa hesabu kichwani kabla yeye hajasema. Kosa langu lilikuwa na unene wa maikroni ishirini na nane. Unywele mmoja wa kichwa changu ni mnene kuliko hapo mara mbili au tatu. Kwa ukubwa huo, gari zima lingeweza kugeuka kutoka kitu kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani kuwa gari jekundu tu la zamani.

"Ameondoa vanishi ya juu peke yake," Upendo alisema. "Rangi yenyewe hajaifikia. Nani alisugua?"

"Mimi," Shabani akasema.

"Una mkono mwepesi."

"Nilikuwa sitaki kufika, dada."

Akaendelea kukagua kwa saa mbili. Alilala chini ya gari na tochi kutafuta kutu kwenye mikunjo ya bodi. Alisoma zile namba nne ubavuni mwa tairi zinazosema wiki na mwaka wa kutengenezwa, akatikisa kichwa: tairi zimezeeka, ngumu kama kwato, zote nne za kubadilisha. Turubai la paa lina ufa penye mkunjo. Hayo aliyaandika, na kila alipoandika nilimwona Naomi akikaza kanga kiunoni. Alilinganisha namba ya injini na ya kadi. Akanusa viti. Akauliza kwa nini havinuki ukungu, na Naomi akamwonyesha beseni la mkaa, akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa na vyombo havijaoshwa.

Halafu akauliza kama kuna kumbukumbu zozote za matengenezo.

Naomi aliingia ndani akatoka na madaftari mawili ya mpima ardhi, yale yenye jalada gumu. La kwanza lote ni mwandiko wa Elieza, wima na mdogo: tarehe, kilomita, oili, plagi, mkanda, jina la fundi, na hali ya hewa, kwa kuwa mpima ardhi hawezi kuandika kitu bila hali ya hewa. La pili ni lake mpaka karibu na katikati. Hapo mwandiko unabadilika.

Mwandiko mpya ni mkubwa, unalala kulia, unaegemea mistari.

Jumamosi. Imewaka. Mvua.

Jumamosi. Imewaka. Nimeweka mkaa mpya.

Jumamosi. Imekataa mara mbili, ya tatu imewaka. Baridi.

Jumamosi. Imewaka.

Ukurasa baada ya ukurasa. Miaka mitano ya Jumamosi, hakuna iliyorukwa isipokuwa mbili, na hizo zimeandikwa: nilikuwa hospitali ya Lushoto, haikuwashwa.

Upendo alisoma akiwa amesimama. Alifungua kurasa moja moja wala hakuharakisha. Ukungu uliingia bandani ukatuzunguka miguuni.

"Huu mwandiko ni wa nani?" hatimaye aliuliza.

"Wangu," Naomi akasema. "Kwani kuna makosa? Mimi siyo msomi kama wifi."

Upendo alilifunga daftari kwa mikono miwili. "Mama, nimekagua magari kama haya kutoka Dar hadi Arusha. Ya watu wenye fedha zao, wenye madereva. Sijawahi kushika kitu kama hiki."

Akataja bei.

Sitaiandika. Naomi akaniangalia mimi, kwa mazoea, maana katika familia yetu mwalimu ndiye husemea wengine. Nami, kwa mara ya kwanza wiki hii, labda kwa mara ya kwanza maishani, nilifunga mdomo. Nilijua kiasi gani cha fizikia kilikuwamo ndani ya gari lile. Nani alijua zaidi ya Naomi kuhusu gari lenyewe?

Naomi akajishauri kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuuzia kabichi, "Ongeza kidogo mwanangu. Kwa bei hiyo pikapu yangu inaishia Soni."

Upendo akaangua kicheko, akaongeza.

Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji. Upendo akalipa kwa simu, zote, na wiki ijayo atatuma lori la kulibeba mpaka Moshi. Dalali akapigiwa kwamba asisumbuke na Ijumaa. Pikapu itakuwa kuukuu, lakini itakuwapo, na karoti za Gare zitashuka bila kumuuliza mtu.

Kwa ajili ya ubavu ule wa kushoto Upendo alipunguza kiasi, wala hakuficha. Tulipokuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula, Naomi akanigusa kiwiko.

"Wifi, ile sahani ya msasa ni yako. Utailipa kwa palizi. Matuta sita."

"Na mgongo huu?"

"Mgongo ulipanda pikipiki ya Shabani mpaka Gare. Utainama."

Nitainama. Na wakati nikiinama nitatafuta namna ya kumwambia habari ya mchungaji, kama hajaijua. Nadhani anaijua.

Leo asubuhi nimeshuka mpaka karakana ya Shabani. Alikuwa anapiga rangi ya fedha kitanda cha bibi harusi. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba Jumatatu yeye ndiye aliyekuwa mwalimu pale bandani. Alipata tabu na maneno hayo, akatafuta kitambaa cha kufutia mikono isiyokuwa na rangi.

Nikamuuliza: kama ulijua, na ulijua, kwa nini hukusema mara ya pili?

"Ningesema mara ya pili, Mwalimu, ungenisimamisha kona ya darasa."

Tulicheka wote wawili, lakini nimepanda mlima mpaka nyumbani nikiwa nimeinamisha kichwa. Ametimiza miaka arobaini na sita. Ana watoto. Anaweza kusikia kwa soksi ajali ya miaka kumi iliyopita, na aliposimama mbele yangu akiwa sahihi, alinipa heshima badala ya kunipa ukweli, kwa sababu ndivyo tulivyomlea, na aliyemlea ni mimi. Je, ni wangapi wengine wamewahi kuniambia "sawa, Mwalimu" wakiwa wameshika msasa?

Nina mshangao tu: kwamba thamani yote ile ilikaa miaka mitano ndani ya banda la matofali pale Gare, chini ya mikono ya mtu asiyejua kuendesha, na mimi niliyesoma kuliko wote nusura niifute kwa maji na karatasi.

Msomaji wangu, kama una gari unalofikiria kuliuza, la spoti au la kubebea kabichi, fanya jambo moja. Leo, kabla hujamwagiza fundi wako chochote, muulize yeye anaona nini, kisha nyamaza mpaka amalize.